Sura ya Saba: Umesimama Wapi Ndani ya Faili?

Programu inapofungua faili, mfumo endeshi wa kompyuta huanza kutunza namba moja kwa ajili ya kazi hiyo. Namba hiyo inaonyesha ni baiti ipi itakayosomwa au kuandikwa safari ijayo. Faili likifunguliwa ili lisomwe, namba huanzia sifuri. Ukisoma baiti 100, inakuwa 100. Ukisoma tena 50, inakuwa 150. Hakuna aliyeiagiza isogee. Inasogea yenyewe kwa kila kinachosomwa na kila kinachoandikwa, kama kidole cha mwanafunzi wa madrasa kinavyofuata mstari wa msahafu.

Wanaprogramu wengi hufanya kazi kwa miaka bila kuifikiria namba hiyo, kwa sababu lugha za siku hizi ziko tayari kutusomea faili zima kwa mkupuo mmoja. Kwa faili dogo hakuna ubaya. Shida huanza pale faili linapoizidi kumbukumbu ya kompyuta, au unapohitaji rekodi moja kati ya milioni, au unapotakiwa kubadilisha tarakimu chache bila kuandika upya kila kitu. Hapo huna budi kuisogeza nafasi kwa makusudi.

Hoja ya sura hii ni moja. Nafasi ya kusoma na kuandika ni jambo ambalo mwanaprogramu anapaswa kulijua wakati wote na kulitamka ndani ya msimbo wake, asiliache lijiendee. Anayeijua hupata uwezo mkubwa kwa gharama ndogo. Anayeisahau anaweza kuharibu data za watu pasipo onyo lolote kutokea kwenye skrini.

Tepu na diski

Zamani nafasi hii ilikuwa kitu cha kuonekana kwa macho. Data zilikaa kwenye tepu ya sumaku, kichwa cha kusomea kikiwa kimetulia mahali pamoja na tepu ikipita mbele yake. Ukitaka rekodi iliyo mwishoni, ilibidi tepu nzima ipite. Kazi za ofisi zikapangwa kufuata tabia hiyo: mabadiliko ya siku yalikusanywa, yakapangwa kwa mfuatano wa namba za akaunti, kisha yakapitishwa pamoja na tepu ya jana ili kuzalisha tepu mpya ya leo. Mteja aliyeuliza salio lake adhuhuri alijibiwa kwa hesabu za jana.

Mwaka 1956 kampuni ya IBM ilitangaza mashine ya 305 RAMAC, kompyuta iliyouzwa pamoja na diski yenye mkono unaosogea. Diski 50, kila moja ikiwa na kipenyo cha inchi 24, zilizunguka kwenye mhimili mmoja, na zote kwa pamoja zilihifadhi herufi milioni 5. Mkono wenye vichwa vya kusomea ulipanda au kushuka hadi kwenye diski iliyotakiwa, ukajipenyeza kati ya diski mbili, ukasoma. Kwa wastani safari hiyo ilichukua chini ya sekunde moja. Rekodi ya mwisho sasa ilipatikana kwa gharama inayokaribiana na ya kwanza, na salio la mteja likaweza kubadilishwa palepale lilipo.

Mambo mawili ya enzi hiyo yanatuhusu hadi leo. Kwanza, kuruka kuna gharama yake. Diski ngumu inayozunguka mara 7,200 kwa dakika hutumia zaidi kidogo ya milisekunde 8 kumaliza mzunguko mmoja, na kabla ya hapo mkono nao lazima ufike kwenye njia inayotakiwa. Programu inayoruka huku na huko kiholela hutumia muda wake mwingi ikisubiri chuma kisogee. Diski za kielektroniki, zile za SSD, hazina mkono wala mzunguko, hivyo gharama hiyo imepungua sana. Pili, amri ya kusogeza nafasi yenyewe haigusi diski. Inabadilisha ile namba tu. Diski huguswa unaposoma au kuandika, na ndiyo maana unaweza kuipeleka nafasi mahali pabaya bila kitu chochote kulalamika.

Hesabu ya kuzidisha

Tuchukue faili la wanachama wa SACCOS. Kila mwanachama ana rekodi ya baiti 64 kamili: baiti 8 za namba ya uanachama, 44 za jina, na 12 za salio lililoandikwa kwa tarakimu. Jina likiwa fupi, nafasi inayobaki hujazwa mapengo ili rekodi isipungue. Wanachama wakiwa 50,000, faili lina baiti 3,200,000.

Unamtaka mwanachama wa 418. Kwa kuwa hesabu ya kompyuta huanzia sifuri, mbele yake wako watu 417, na kila mmoja amechukua baiti 64. Rekodi yake basi inaanzia kwenye baiti ya 417 × 64, yaani 26,688. Katika lugha ya Python inaandikwa hivi:

f = open("wanachama.dat", "r+b")
f.seek(417 * 64)
rekodi = f.read(64)

Mistari mitatu imemleta mtu mmoja kati ya 50,000, na kilichosomwa ni baiti 64 tu. Faili lingekuwa la wanachama milioni 50, mistari ingebaki hiyohiyo, na kumbukumbu inayotumika isingeongezeka. Faida kubwa ya kusogeza nafasi iko hapo: kazi inalingana na unachokitaka, hailingani na ukubwa wa faili.

Hizo herufi "r+b" zinastahili kusemwa. Zinaomba faili lifunguliwe kwa kusoma na kuandika, bila kufutwa, na litazamwe kama baiti tupu. Anayeandika "w" badala yake hupewa faili lililokwisha kufutwa hadi baiti ya mwisho kabla hajasogeza chochote. Hifadhi nyingi za data zimepotea kwa herufi hiyo moja.

Amri ya kusogeza hupokea mambo mawili: umbali, na mahali pa kuanzia kuupima umbali huo. Mahali pa kuanzia ni patatu. Namba 0 maana yake pima kutoka mwanzo wa faili. Namba 1, pima kutoka hapa nilipo. Namba 2, pima kutoka mwisho. Usiposema, Python huchukua mwanzo. Umbali waweza kuwa hasi, ilimradi usikutoe nje ya mwanzo wa faili. Ukijaribu kwenda nyuma ya sifuri, mfumo hukukatalia.

Sasa lije lile kosa linalotafuna zaidi. Umeshasoma rekodi ya mwanachama wa 418, umeongeza salio lake, na unataka kuirudisha. Ukiandika mara moja, utaandika wapi? Kusoma kumeisogeza nafasi kwa baiti 64. Sasa iko 26,752, mwanzo wa rekodi ya mwanachama wa 419. Jina na akiba ya mwanachama wa 418 vitakaa juu ya vile vya jirani yake. Faili halitaongezeka wala kupungua ukubwa, programu itamaliza salama, na kosa litagunduliwa siku mwanachama wa 419 atakapokuja kuulizia fedha zake. Dawa ni mstari mmoja wa kurudi mahali sahihi kabla ya kuandika: f.seek(417 * 64), au f.seek(417 * 64 + 52) ikiwa unabadilisha salio peke yake.

Katika lugha ya C jambo hili lina mkazo zaidi. Faili lililofunguliwa kwa kusoma na kuandika halikuruhusu kutoka kwenye kusoma na kuingia kwenye kuandika moja kwa moja. Kanuni za lugha zinadai usogeze nafasi katikati, hata kama ni kwa umbali wa sifuri, isipokuwa pale kusoma kulipofika mwisho wa faili. Asiyefuata hana uhakika na kitakachotokea.

Tena, kuandika katikati ya faili si kuchomeka. Baiti mpya hukalia za zamani, wala za zamani hazisogei kupisha. Ndiyo maana rekodi zetu zina urefu usiobadilika. Ukitaka kuingiza mwanachama mpya kati ya wawili, itakubidi wewe mwenyewe uwahamishe wote wanaofuata.

Somo kutoka Bell Labs

Katika maabara za Bell nchini Marekani, Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao walianza mwaka 1969 kujenga mfumo wa Unix kwenye kompyuta ndogo ya PDP-7. Uamuzi wao mkubwa kuhusu mafaili ulikuwa kuliona faili kama mfuatano wa baiti usio na umbo lililolazimishwa na mfumo. Rekodi, mistari na majedwali ni mambo ya programu. Mfumo unajua baiti, na nafasi. Simu nyingi mifukoni mwetu leo zimerithi uamuzi huo kupitia Linux na jamaa zake.

Lakini hata wao nafasi iliwasumbua. Ritchie mwenyewe ameeleza katika historia aliyoiandika kuhusu mfumo huo. Mwanzoni namba ya nafasi ilitunzwa ndani ya mchakato, yaani programu iliyo katikati ya kutekelezwa. Mchakato ukizaa mwingine, mtoto alipewa nakala ya namba hiyo. Mtu akiandika faili lenye amri mbili, ls ya kuorodhesha mafaili na who ya kuorodhesha watumiaji, kisha akaagiza matokeo yote yaende kwenye faili moja, ls iliandika sawasawa na kumaliza. Lakini mchakato mzazi haukuwa umeandika kitu, hivyo namba yake ilikuwa bado sifuri. Ulipozaa mchakato wa who, ukauachia sifuri ileile, na who ikaandika juu ya kazi yote ya ls.

Suluhisho lao lilikuwa kuitoa namba ndani ya mchakato na kuiweka kwenye jedwali la mfumo linalotunza mafaili yaliyofunguliwa. Mzazi na mtoto wakawa wanatazama namba moja. Mtoto akisogea, mzazi anaona. Kanuni hiyo ingali hai. Mchakato ukizaliwa baada ya faili kufunguliwa, nafasi ni ya wote. Programu mbili zikilifungua faili lilelile kila moja kivyake, kila moja ina nafasi yake. Anayejenga programu zinazoshirikiana faili aanze kwa kujua yuko kwenye hali ipi kati ya hizo mbili.

Kuanzia mwisho

Wengi hudhani kupima kutoka mwisho ni pambo, kumbe mafaili tunayoyatumia kila siku yamejengwa juu yake.

Wimbo wa MP3 unaoonyesha jina la msanii kwenye redio ya gari huenda unatumia alama ya ID3 ya toleo la kwanza. Alama hiyo ni baiti 128 za mwisho wa faili. Huanza na herufi TAG, kisha baiti 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, 4 za mwaka, 30 za maelezo, na 1 ya aina ya muziki. Redio haihitaji kuupitia wimbo mzima. Inakwenda baiti 128 nyuma ya mwisho, inasoma, inajua. Na kwa kuwa alama iko mwishoni, iliweza kuongezwa kwenye nyimbo zilizokwishatengenezwa bila kusogeza hata baiti moja ya muziki.

Faili la ZIP, ambalo Phil Katz alilitoa mwaka 1989, lina orodha ya vilivyomo karibu na mwisho wake. Baada ya orodha hiyo hufuata rekodi ya kufungia, yenye baiti 22 kama hakuna maelezo ya ziada, inayosema orodha imeanzia baiti ya ngapi. Programu husoma rekodi ya kufungia, huruka hadi kwenye orodha, huchagua faili moja, huruka hadi lilipo, na kulifungua hilo tu. Hati za Word za aina ya docx, vitabu vya EPUB na programu za Android za aina ya APK zote ni ZIP kwa ndani. Ukipakua mojawapo na mtandao ukakatika kabla ya mwisho, sehemu iliyopotea ndiyo iliyokuwa na orodha, na kifaa kitakataa kulifungua hata kama limefika kwa asilimia 95.

Mtandao nao una njia yake ya kusogeza nafasi. Tangu itifaki ya HTTP/1.1 ya mwaka 1997, kivinjari kinaweza kuiomba seva itume baiti za kuanzia hapa hadi pale, na seva inayokubali hujibu kwa namba 206. Kwa njia hiyo upakuaji uliokatika bando lilipoisha huendelea pale ulipoishia, na video hurushwa mbele bila kupakua dakika zote zilizorukwa.

Kuvuka mwisho

Je, ukiipeleka nafasi mbele ya mwisho wa faili? Katika Unix na Linux inaruhusiwa. Ukisoma hapo hupati kitu. Ukiandika, faili hurefuka hadi hapo, na eneo lote lililorukwa husomeka kama sifuri tupu. Ukifungua faili jipya, ukaruka hadi baiti ya 1,000,000,000 na kuandika baiti moja, utakuwa na faili ambalo ukubwa wake ni baiti 1,000,000,001, lakini kwenye mifumo ya mafaili inayoelewa mashimo ya namna hiyo huchukua kilobaiti chache tu za diski. Programu za hifadhidata na za kuiga kompyuta ndani ya kompyuta hunufaika nalo. Hatari ni mbili: chombo cha kunakili kisichojua mashimo kitayajaza sifuri na kuimaliza diski yako, na kosa la kuzidisha linaweza kukuachia faili kubwa la ajabu badala ya onyo.

Ukubwa wa namba

Kwa kuwa nafasi ni namba, upana wake ndio mpaka wa faili. Unix ya kwanza kwenye PDP-11 ilitumia namba ya biti 16, isiyoweza kuvuka 65,535. Katika Toleo la Sita la mwaka 1975, aliyetaka kwenda mbali zaidi alitumia namna nyingine ya amri ileile iliyozidisha umbali kwa 512, aruke kwa mafungu kisha kwa baiti. Toleo la Saba la mwaka 1979 lilileta amri ya lseek yenye namba ya biti 32, na mpaka ukafika baiti 2,147,483,647. Ulionekana hauna mwisho, mpaka video na hifadhidata zikaufikia katika miaka ya 1990. Leo mifumo mikubwa hutumia biti 64, na mpaka ni 9,223,372,036,854,775,807.

Mabaki ya mipaka ya zamani bado yanatukwaza. Flash iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 hukataa filamu ya gigabaiti 4 hata kama flash yenyewe ni tupu, kwa kuwa ukubwa wa faili umeandikwa humo kwa biti 32. Na amri ya fseek ya lugha ya C, kwenye Windows, bado hupokea umbali wa biti 32. Anayeshughulika na mafaili makubwa inampasa atumie ile ya biti 64.

Pasipo na pa kusimama

Si kila kinachosomwa kina nafasi ya kusogezwa. Data zinazopita kwenye bomba kati ya programu mbili, zinazotoka kwenye kibodi au zinazokuja kwa mtandao zikishapita zimepita. Ukijaribu kurudi nyuma, mfumo hukujibu kwa kosa.

Maandishi nayo yanataka uangalifu, kwa kuwa nafasi hupimwa kwa baiti na macho yetu huhesabu herufi. Katika usimbaji wa UTF-8, neno ng'ombe lenye alama iliyonyooka ni baiti 7. Likiandikwa kwenye programu inayoipinda alama hiyo, linakuwa baiti 9, kwa sababu alama iliyopinda huchukua baiti 3. Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama tenzi za pwani, huchukua baiti 2 kwa kila herufi. Ukiruka hadi baiti ya 500 ya maandishi hayo waweza kuangukia katikati ya herufi. Kwa sababu hiyo Python, faili likifunguliwa kama maandishi, haikuruhusu kupima umbali kutoka mwisho au kutoka hapo ulipo isipokuwa umbali huo ni sifuri. Njia salama ni kuiuliza nafasi kwa amri ya tell, kuitunza namba uliyopewa, na kurudi kwa namba hiyohiyo.

Hatari ya mwisho ni ya kazi zinazokwenda sambamba. Sehemu mbili za programu zikitumia faili moja lililofunguliwa mara moja, ya kwanza yaweza kusogeza nafasi, na kabla haijasoma, ya pili ikaisogeza kwingine. Kila moja imefuata kanuni, na bado data zimechanganyika. Kwa hali hiyo mifumo ya jamii ya Unix ina amri za pread na pwrite, ambazo hupewa nafasi na kazi kwa pamoja na haziigusi ile namba ya pamoja. Na kwa kumbukumbu za matukio, ambapo programu nyingi huandika mwishoni mwa faili moja, kuna hali ya kuongeza tu: mfumo wenyewe huipeleka nafasi mwisho wa faili kabla ya kila uandishi, kwa tendo lisilogawanyika.

Ndugu msomaji, ukiandika msimbo unaogusa faili, taja nafasi kabla ya kila uandishi, hata pale unapodhani uko mahali sahihi. Ukibuni muundo wa faili, wape wasomaji wake njia ya kuruka: rekodi zenye urefu unaojulikana, au orodha inayosema kila kitu kimeanzia wapi. Na ukipewa msimbo wa mwenzako uukague, ukakuta unaandika kwenye faili la watu bila kusema unaandika wapi, usiupitishe mpaka akujibu swali hilo.